Ufa wa Kigoda

Jumatano, 4 Juni

Binti yangu kanishinda. Wiki nzima ananiimbia: mama umestaafu, mama toka nje, mji wenyewe mdogo, kuna makumbusho, kuna maduka ya kazi za mikono. Hajui kwamba mji huo nimeukwepa miaka thelathini na tisa, tangu tumzike baba. Nilizaliwa nusu saa tu kutoka stendi yake. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu anayekubali sindano — nami nimechoma watu wengi sindano, naijua sauti hiyo.

Tumefika saa nane. Nyumba ya wageni ni safi, mashuka yananukia sabuni. Kutoka duka la jirani nasikia tezo ikichonga mti. Mapigo matatu, kituo. Matatu, kituo. Baba alichonga hivyohivyo. Nimefunga dirisha.

Alhamisi, 5 Juni

Makumbusho ni vyumba viwili vya iliyokuwa posta. Mtunzaji ni mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, anakufuata nyuma kama vile utatia chungu mfukoni. Binti akacheka. Nami nikacheka, mpaka chumba cha pili.

Kigoda cha baba. Juu ya meza, chini ya taa. Miguu mitatu, gogo moja, hakuna gundi wala msumari. Na ule ufa, kutoka kikalioni mpaka mguuni. Kikaratasi chini yake: "Kigoda. Mchongaji wa eneo hili. Ufa umetokana na umri."

Umri! Kilikuwa na siku tisa.

Niandike hapa, maana sijawahi kuandika popote. Kigoda kibichi huzikwa ndani ya maranda ya mti, kona yenye giza, miezi miwili, kikauke taratibu. Baba alikataza kisiguswe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilitaka kukiona tu. Nikakifukua, nikakiweka juani nikitazame vizuri, nikaitwa kuchota maji, nikasahau. Kilipopasuka tulisikia hadi jikoni. Baba akauliza nani. Kaka yangu akanitazama. Nikainamisha kichwa. Akasema, ni mimi. Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba akamwambia atoke na asirudi, na baba hakuwa mtu wa kurudisha neno lake. Nikanyamaza. Mwaka huo, na uliofuata, na kwenye mazishi pia.

Binti yangu hajui kwamba ana mjomba.

Wakati wa kutoka nikapewa kitabu cha wageni nisaini. Nikafunua kurasa za nyuma. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, safu ya maoni: "Ufa huu si wa umri." Hakuna jina. Herufi zinalalia nyuma — mwandiko wa baba mtupu! Nikauliza nani huandika hivi. Mtunzaji akasema huyo ni mzee mmoja mkorofi, haongei na mtu, anasoma kikaratasi, anaandika, anaondoka.

Ijumaa, 6 Juni

Usingizi haukuja.

Nimeingia duka la vigoda peke yangu. Binti yuko kwenye vikapu, ameshachagua sita, sijui ataviweka wapi. Mchongaji ni mama kijana. Mapigo matatu, kituo. Nikamuuliza kajifunza kwa nani. Kwa mzee mmoja wa huko juu mlimani, akasema, hana mke wala mtoto, huleta vigoda vyake Jumamosi ya kwanza. "Ananifokea, shangazi, lakini mkono wake una dawa." Nikauliza hicho kituo ni cha nini. "Anasema baba yake alikuwa anausikiliza mti kwanza." Nikalia pale dukani. Akanisogezea kigoda nikae. Nikashindwa kukikalia, nikabaki nimesimama na machozi yangu.

Kesho ndiyo Jumamosi ya kwanza. Nilifungasha begi, nikalifungua, nikalifungasha tena. Mchana nikaenda kwa mtunzaji, nikamwambia kikaratasi chake kinasema uongo. Akavua miwani. Akasema makumbusho hayafuati uvumi. Anayejua aandike, aweke jina. Nikaomba kalamu. Mistari minne imenichukua saa nzima. Neno "bahati mbaya" nimeliandika na kulifuta mara mbili.

Jumamosi, 7 Juni

Saa nne asubuhi. Nimekaa kwenye benchi la makumbusho. Kikaratasi kipya kimebandikwa, mtunzaji amekinakili kwa mwandiko mzuri: "Kigoda hiki kilipasuka kikiwa na siku tisa. Aliyekianika juani ni binti wa mchongaji. Kaka yake alifukuzwa kwa kosa lisilo lake. Binti alijua, akanyamaza." Na jina langu lote.

Binti yangu amekisoma. Amerudi kwenye benchi, ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Naogopa kumtazama.

Saa nne na nusu. Ameingia. Mgongo umepinda, masikio ni ya baba. Ametupita bila kutuangalia, moja kwa moja hadi chumba cha pili. Namwona kutoka hapa. Anasoma. Kidole kinafuata mstari. Amefika mwisho, amerudi juu. Amerudi tena.

Kitabu cha wageni hajakigusa. Anamuuliza mtunzaji, sauti imekwaruza: huyu aliyeandika yuko wapi?

Mtunzaji ananitazama mimi. Binti yangu naye ananitazama. Bado naandika, maana nikiiweka kalamu chini itabidi nisimame.