Jozi Zilizolala Kreta

Rhotia, Jumapili jioni, Oktoba 1981

Eti "miche yetu"! Mwezi uliopita mume wangu huyo huyo aliziita mbegu hizi takataka zangu. Leo, baada ya ibada, nusu ya kanisa ilipita kuangalia mbegu zangu tatu za jozi, zile kokwa za mti wa Ulaya, zilivyopasua magamba yake magumu na kuchipua, naye akawa wa kwanza kuwaonyesha.

Zile za mwaka jana, alizonipa sista wa zahanati, mama mkwe alizitundika juu ya jiko zipate moshi, kama tunavyoweka mbegu ya mahindi. Haikuota hata moja. Sikumlaumu, maana hata mimi nilidhani ni sawa. Sista alicheka sana, akasema jozi inataka baridi na unyevu, akanipa nyingine.

Nikazifukia kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, nikampelekea kaka yangu anayelinda geti la hifadhi ya wanyama juu mlimani, Kreta. Ndoo ikakaa nje ya nyumba yake miezi mitatu ya baridi kali. Watu walinicheka mpaka basi. Wacheke sasa.

Swali moja tu nililiogopa. Mama mkwe amezeeka, na kikohozi hakimwachi. Jioni hii aliinama, akagusa majani, akaliuliza.

"Zitazaa lini?"

"Labda miaka kumi, mama."

Akainuka. Kisha akatembea mpaka mlangoni kwake, akagonga ardhi kwa fimbo.

"Basi mmoja uupande hapa. Sitaki kwenda mbali kuokota."