Kitanda Kilicho Nyuma ya Rafu

Nyabiosi,
Njia ya Nyamarambe, Kisii.
15 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Geoffrey,

Pokea salamu za huku nyumbani, wewe na Damaris na watoto. Natumaini theluji ya Minnesota imewaondokea na sasa mnaota jua kama watu wengine. Huku mvua inanyesha kila alasiri na majani chai yanachipuka vizuri. Goti langu bado linasumbua nikipanda kilima, lakini nashukuru. Mama yako Bosibori ni mzima. Habari za baba yako nitazifikia, usiziruke.

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa hatumalizi. Nikianza tu, unasema, "Baba mdogo, niko kazini." Karatasi haina haraka.

Nianze na maktaba, maana najua ndiyo utakayoulizia kwanza. Sheryl, binti wa Ogweno uliyemwajiri, anaitunza vizuri kuliko tulivyostahili. Wanafunzi wa kidato cha nne hujaa humo jioni kwa sababu ya taa zako za sola. Vijana huja kuomba mikopo ya chuo mtandaoni na kuchapisha barua za kazi. Jumanne afisa wa kilimo hukaa na akina mama kuwafundisha habari ya mnyauko wa migomba, na muuguzi wa zahanati huja mara moja kwa mwezi kupima presha. Jumapili watoto husomewa hadithi. Hayo yote ni kweli, na sitaki useme niliyaficha.

Sasa nisikilize. Damaris alikulia Nakuru, na watoto wenu wamezaliwa huko, kwa hiyo niruhusu nieleze kama nilivyokuwa nikieleza darasani, ili nawe uweze kuwaeleza.

Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna mzimu humo wala uchawi. Ni chinsoni, ile haya ya heshima iliyopo kati ya mzazi na mahali mwanawe anapolala na mkewe. Tena kwetu baba si mmoja. Mimi ni baba yako, Machogu ni baba yako, na kila mzee wa rika letu katika ukoo huu ni baba yako. Wewe ulichukua nyumba uliyojenga ulipooa, ukaweka rafu sebuleni, ukaandika ukutani kwamba ni maktaba ya watu wote. Kisha ukafunga chumba cha nyuma, kitanda chenu kikiwa ndani kimetandikwa, ufunguo ukaenda nao Amerika. Hivyo ulimfungulia mlango kila mtu isipokuwa wazee, na wazee ndio wenye muda wa kusoma.

Nilikueleza haya kabla rangi haijakauka. Ulinijibu kwa ujumbe wa maneno matano: "Baba mdogo, ni kitanda tu."

Ulisema pia kwamba sisi ni Wasabato na mila hizo tungeziacha. Mwanangu, nimesoma Biblia tangu kabla hujazaliwa. Sijaona mahali ilipotuagiza tusiwe na haya.

Hata hivyo hatukukugombeza. Mogire, baba yako, alitafuta njia, kama alivyotafuta njia ya karo yako. Alitengeneza benchi akaliweka nje, chini ya dirisha la sebule. Kila asubuhi Sheryl alimpitishia gazeti dirishani. Watu wa ziwani, kwao Sheryl, nao wana heshima zao, kwa hiyo binti huyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mogire alikuwa akilisoma kimoyomoyo kwanza, kisha anawasomea wenzake kwa Ekegusii, akisimama kila mahali penye jambo la kubishaniwa. Bei ya chai, vita vya mbali, mashtaka ya wakubwa. Machogu alikuwa akimchokoza, "Soma pole pole, Mogire, hao mawaziri hawatoroki." Naye alikuwa akijibu, "Wewe huwajui." Wazee walitoka hadi ng'ambo ya mto kuja kusikiliza. Katika huduma zote za maktaba yako, hiyo ndiyo iliyokuwa bora, na haikuwa hata ndani ya nyumba.

Halafu mwezi wa tatu ukapiga simu.

Ulitaka picha. Marafiki zako wanaotuma vitabu walitaka kumwona mzee akisoma, tena ndani, rafu zikiwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeketi na baba yako kwenye benchi, na simu yake huwa anaiweka sauti kubwa, kwa hiyo usikanushe. Alikwambia apigwe picha pale pale nje. Ukasema nje hapaonekani kama maktaba. Kisha ukasema, "Baba, ni dakika mbili tu. Bila hiyo picha hawataleta vitabu vingine, na watoto wa hapo ndio wataumia."

Hukumlazimisha kwa nguvu. Ulimlazimisha kwa watoto.

Sheryl alimuuliza, "Mzee, una hakika?" Akasema ana hakika. Akavua kofia, akavua viatu, akaingia. Mimi nilibaki nje, na wazee wengine waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao bila kuaga.

Niliiona picha hiyo kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni, Sheryl alinionyesha. Mmeandika chini yake kwamba mzee wa kijiji anatafakari kitabu. Itazame tena, Geoffrey. Kitabu kiko mkononi, lakini macho hayako kwenye kitabu. Anautazama mlango wa chumba chenu.

Wiki iliyofuata alipeleka majani kwenye kituo cha chai. Watu walikuwa kwenye foleni ya mizani. Machogu, huyo huyo wa benchi, akasema kwa sauti, "Mogire, kitanda cha mkaza mwana ni cha mbao au cha chuma? Wewe uliyeingia utuambie."

Watu walicheka. Wengine walicheka wakiwa wameinamia magunia yao, wapate kusema baadaye kwamba hawakucheka. Baba yako alibeba gunia lake akarudi nalo nyumbani bila kupima, na majani yale yakaharibika ukumbini. Tangu siku hiyo mama yako ndiye anayepeleka chai.

Unajua kwamba baba yako alikuwa akiitwa kusuluhisha ndoa za watu. Sasa wanapita langoni kwake wakienda kwa Machogu. Nani atamweleza Mogire habari za chumbani kwake, ilhali wanasema yeye ameingia chumbani kwa mwanawe? Hakuingia chumbani. Wewe unajua, mimi najua. Lakini neno likishatoka kwenye kituo cha chai, halirudi kupimwa.

Hasomi tena. Miwani uliyomletea ipo, macho ni mazima, ila hasomi. Nilimpelekea gazeti nyumbani, akaliweka chini ya kikombe. Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Usimwandikie. Ataumia, naye yuko mbali nasi huko." Basi ujue kwamba barua hii naiandika kinyume cha neno la kaka yangu, jambo ambalo nimelifanya mara chache maishani.

Usitume pesa. Wala usituambie tuvunje kufuli. Vijana wangeivunja kwa pigo moja, lakini mtu akiona kitanda chako kinatolewa na mikono ya wengine atauliza tumefiwa na nani. Kitanda huhamishwa na mwenyewe. Njoo na Damaris na ufunguo. Kuna kiwanja upande wa juu, penye migomba. Jengeni hata chumba kimoja cha mabati, mlale humo usiku mmoja. Hapo nyumba ile itakuwa imeacha kuwa yenu. Kisha umshike baba yako mkono mchana, watu wakiona, umwingize kwa mlango wa mbele. Hilo tu. Umesema Desemba, na Desemba, na Desemba. Baba yako ana miaka sabini na tisa.

Na ile picha iondoeni. Marafiki zako wakiuliza kwa nini, waambie ukweli. Ukiona aibu kuwaambia, utakuwa umeanza kuelewa chinsoni.

Nisalimie Damaris, mwambie hakuna anayemlaumu. Watoto waambie babu yao aliwahi kuwa msomaji mzuri sana. Mama yako anawasalimu, Sheryl pia. Baba yako hakutuma salamu kwa kuwa hajui ninaandika, lakini najua angetuma.

Sheryl bado huliweka gazeti dirishani kila asubuhi. Jioni hulitoa likiwa limekunjwa vile vile.

Mungu awalinde huko mliko, na awape wana wenye kusikia.

Nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Baba yako mdogo,
Alfayo