Kichupa cha Hospitali Si cha Skrubu

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. ~~Kama hupimi, usiiguse.~~ Kunywa tu.

Asubuhi nimekuta kile kichupa ulichopewa hospitali, cha kutilia choo wapime kansa ya utumbo, umekijaza skrubu za saa mezani pako pa ufundi! Nimecheka, kisha nikapandwa na hasira, kisha nikamkumbuka baba yako kwenye meza hiyohiyo, lenzi jichoni, akiimba huku anakaza skrubu. Damu chooni aliiona mwaka mzima. Kwa aibu akanyamaza mpaka tukachelewa kumtibu.

Nimekwenda kukuombea kingine. Changu nilipeleka juzi, na aibu haikuniua.

Skrubu nimezihamishia kwenye kikombe cha bluu.

Ukiimba hapo mezani, sauti ni ya marehemu baba yako kabisa. Urithi huo unatosha.

Mama watoto