Karatasi Nyeupe za Mboga

Jumatatu, 4 Februari 1985
Nimeosha chupa za maabara tangu asubuhi. Citoyen Kabwe, fundi wetu, anajaribu karatasi za kutambua sumu ya kuua wadudu kwenye mboga. Zimelowekwa enzimu, kitu kinachotoka katika damu ya farasi. Tone la maji ya majani, kisha tone la dawa yake. Ikigeuka buluu, mboga ni safi. Ikibaki nyeupe, ina sumu.
Mume wangu alikula lengalenga, aina ya mchicha, kutoka bustani ya jirani yetu, Mama Kasongo. Siku ya tatu akafa. Daktari alisema malaria. Sikuamini.

Jumanne, 5 Februari
Nimeiba karatasi tano na dawa kidogo. Karatasi nilizifunga katika pembe ya kitenge, kiunoni, tunapofunga kila kitu cha thamani. Jua kali njia nzima mpaka nyumbani, Makomeno.

Jumatano, 6 Februari
Jani la bustani ya Mama Kasongo: nyeupe. Nilijua.
Kwenye kilio cha mume wangu Mama Kasongo alileta unga. Mtu mwenye bustani, kwa nini hakuleta mboga?
Baba Ngoie, mume wangu, alikuwa akitoa vikonyo vya lengalenga, akivipanga ukingoni mwa sahani. Namchukia huyu mama.

Ijumaa, 8 Februari
Nimewaambia wanawake bombani kwamba mboga za Mama Kasongo zina sumu. Hakuna anayenunua kwake tena. Jioni alikuja mlangoni.
"Mama Ngoie, bamama hawanisalimie tena. Niko na kosa gani?"
Nilifunga mlango. Kesho naenda kwa mkubwa wa mtaa. Watamfunga.

Jumamosi, 9 Februari
Nilitaka ushahidi zaidi kabla ya kwenda. Sombe yangu mwenyewe, majani ya muhogo: nyeupe. Maji matupu ya bomba: nyeupe.
Sikwenda.

Jumatatu, 11 Februari
Nimeungama kwa citoyen Kabwe. Alinuna, kisha akacheka.
"Mu kitenge, mama? Joto na jasho viliua enzimu. Zinakaa mu frigo."
Alitoa moja kwenye frigo, friji ya maabara. Kwa jani la Mama Kasongo nililokuja nalo, ikageuka buluu, polepole. Nililia. Nilikuwa nataka iwe sumu. Sasa hakuna wa kumlaumu.

Jumanne, 12 Februari
Bombani nimewaambia wote kwamba nilikosea. Wengine waliguna.
Kisha bustanini kwa Mama Kasongo. Nilimwambia yote. Hakunipa kiti. Aliendelea kutoa viwavi kwenye majani, kimoja kimoja, kwa vidole. Halafu nikainama upande wa pili wa tuta, nikaanza kutoa na mimi. Hakunifukuza.