Raundi Moja ya Picha

Jumapili jioni, Ukunda. Joto linanata, mvua imekataa kunyesha, na mimi nina kinyaa.

Sitafuti neno laini zaidi. Kinyaa.

Leo tulikwenda Ramisi kwenye mashindano ya magari, katika shamba lililokatwa miwa, mimi na kaka yangu Bakari na gari letu. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: gari letu lina kiti kimoja, magurudumu yako nje, na injini ya pikipiki inanguruma nyuma ya mgongo wangu. Bakari ni fundi wa kuchomelea. Amelijenga bomba kwa bomba, kila alipomaliza mageti ya watu. Mimi ni dobi katika hoteli moja ya Diani, na dereva ni mimi.

Tulipoanza mashindano haya ulihitaji breki zinazoshika na kofia ngumu, basi. Kisha ikaja ada ya leseni. Kisha mikanda ya usalama ya kutoka ng'ambo, ya kubadilishwa hata kama haijachakaa. Musa wa Gazi akaacha. Ndugu wawili wa Kwale wakauza gari lao. Sisi tukajinyima, tukalipa, tukabaki.

Leo mkaguzi aliinama, akayatazama matairi yetu, akatikisa kichwa. Sheria mpya: lazima yawe na muhuri wa chama kinachoendesha mashindano. Na yenye muhuri yanauzwa wapi? Pale pale, nyuma ya pikapu ya mwenyekiti. Mkewe ndiye anayepokea pesa.

Seti moja ni ghali kuliko gari letu zima.

Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami.

Mwenyekiti akaja na miwani yake ya jua. "Sheria ni sheria, madam. Lakini wewe ndiye mwanamke pekee hapa, na wadhamini wanataka picha. Piga raundi moja ya maonyesho, bila kushindana. Kwa raundi hiyo hatutakudai tairi."

Yaani matairi yasiyofaa kushindana yanafaa kupigwa picha.

Bakari akanivuta kando. "Zunguka, Mwanasha," akasema taratibu. "Tangu nibadilishe ekseli sijaliona likikimbia."

Nikaingia, nikafunga mkanda. Injini ikaitika mara moja, sauti safi kabisa. Mpiga picha akasogea. Nikamwona mwenyekiti akininyooshea kidole kumwonyesha mgeni mmoja, anatabasamu, kana kwamba mimi ni ngamia wa ufukweni wa kupandwa na watalii.

Nikageuza usukani, nikalipeleka gari langoni, mpaka kwenye lori tulilokodi. Nikazima.

Tukarudi nyumbani. Tulipokwisha kulishusha gari uani, Bakari akaanza kulifunika turubai, kona baada ya kona, kama anavyofanya siku zote.

"Ulikuwa na haki," akasema, hanitazami. "Lakini mimi sikukuomba haki, dada. Nilikuomba raundi moja."

Akaenda zake kuswali.

Mwenyekiti ananichefua, na mkewe, na mihuri yao. Hilo halinisumbui, nitalala nalo. Linalonikaa kooni ni kwamba wao wameuza matairi yao na wamekwenda nyumbani, na aliyeumizwa na ukaidi wangu ni mtu mmoja tu.

Asubuhi nitamwamkia shikamoo kama kawaida. Ataitikia marahaba. Kisha nitamwambia nini?