D+ Chini ya Godoro

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tatu, nikafunga muhula. Mwalimu mkuu ameuliza tena cheti changu cha kidato cha nne. Siku hizi kila mwalimu lazima awe na diploma na namba ya usajili. Nimesema tena kiliungua. Uongo. Kiko chini ya godoro, kina D+. Chuo cha ualimu kinataka C. Miaka kumi na moja watu wa Dagoretti Corner wananiita Mwalimu. Naona haya hata kuitika.

Alhamisi, 30 Oktoba
Jumatatu naanza kurudia mtihani. Nilijisajili shule ya mbali, huko Karen, nisionwe. Nina miaka thelathini na sita. Hesabu bado inanishinda. Wueh.

Jumatatu, 3 Novemba
Heri ardhi ingepasuka inimeze. Nilivaa sketi yangu ya kazi. Kuingia tu chumba cha mtihani, vijana wote wakasimama, wakidhani mimi ndiye msimamizi. Na mimi, mazoea! Nikasema, "Kaeni chini." Wakakaa. Kisha nikaanza kutafuta dawati lenye namba yangu. Walicheka mpaka msimamizi mwenyewe akaingia.

Mmoja hakucheka. Achieng', niliyemfundisha darasa la tatu. Kumbe alihamia huku. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita kichwa maji, kisa alishindwa na saba mara nane. Mama yake husuka nywele Kenyatta Market, na kule habari hailali.

Baada ya karatasi ya hesabu alinifuata hadi getini.

"Mwalimu, ile ya vekta ulipata ngapi?"

"Sikuipata, Achieng'. Vekta sijui."

Alichutama akanichorea kwenye udongo, pole pole, mara mbili. Hakuniita jina lolote baya. Nimelia njia nzima. Nilikuwa mwalimu mbaya, na si kwa sababu ya cheti.

Jumanne, 4 Novemba
Asubuhi nilimwandikia mwalimu mkuu. Cheti hakikuungua, nina D+, niko kwa mtihani. Akajibu nikimaliza niende tuongee. Sijui kama ni heri au shari.

Leo ilikuwa Kiswahili. Tulipanga foleni mlangoni, Achieng' mbele yangu. Msimamizi akasema wanafunzi wote wavue viatu wakaguliwe kama wameficha majibu. Nikavua.