Kwa Mwalimu Aliyenichezesha kwa Jina la Mdogo Wangu

Mwalimu,

Shikamoo sikuandikii. Nimekuamkia miaka yote hii, hata baada ya kujua ulichotufanyia, kwa kuwa mama alitulea hivyo. Sasa nimeacha, na mama mwenyewe amesema sawa.

Unaikumbuka siku uliyotukuta Mkumbara? Tulikuwa kando ya barabara kuu na mpira wa matambara, mimi nina miaka kumi na tano, Rajabu mdogo wangu kumi na mmoja. Ulizima pikipiki ukatuambia tupige danadana. Mimi nilifika sitini na moja. Rajabu alifika mia mbili na kumi na nne, na hapo aliacha kwa sababu mama alimwita akateke maji. Ukamshika kichwa ukasema, "Huyu nitamrudia akikomaa." Lakini uliyemchukua ni mimi. Ulikuwa na mashindano ya watoto wasiozidi miaka kumi na mitatu, na mimi nilikuwa na nguvu za mtu mzima na sura ya mtoto. Kijeba wa kukufaa.

Ukamwomba mama cheti cha kuzaliwa cha Rajabu. Ulimwambia ni cha kuandikisha timu, naye akafurahi kwamba wanawe wote wawili wamepata mwalimu. Mimi nilijua. Nilipokuuliza itakuwaje, ulinijibu huku unafunga kamba za viatu vyangu, "Jina ni jezi tu, Bakari. Ukimaliza kucheza unalivua."

Nilicheza misimu miwili nikiitwa Rajabu. Sitasema hukunifundisha kitu. Mguu wa kushoto nimeupata kwako, pale uwanjani Old Korogwe, ukinirushia mpira mpaka jasho lako likalowesha kofia. Ulikuwa unanigawia muhogo wako. Nilikupenda, Mwalimu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Ila nilikuwa nahesabu hata wakati ule. Watoto ishirini na wawili, mpira mmoja, foleni moja. Kwa jioni nzima mtoto aligusa mpira mara tisa, kumi akibahatika. Hukuwa unakuza wachezaji. Ulikuwa unakusanya waliokwisha kukua ukawapunguzia miaka.

Kisha Rajabu akafika kumi na mitatu, akaja kwenye mchujo na cheti chake mkononi, nami nimemsindikiza. Mkaguzi wa umri akafungua faili, akakuta jina hilo, tarehe hiyo ya kuzaliwa, na picha ya uso mwingine. Uso wangu. Akamwita mdogo wangu tapeli mbele ya watoto wenzake. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, hatua sita. Nilizihesabu. Mkaguzi alikuuliza kama unamfahamu kijana huyu, ukamwangalia yeye, ukaniangalia mimi, ukasema, "Huyu dogo simjui."

Nami nilinyamaza. Hilo ni langu, sikutwishi.

Tulirudi Mkumbara juu ya lori la mkonge. Rajabu hakulia. Tulipokaribia nyumbani ndipo akaniuliza, "Kaka, kumbe nimeshacheza. Nilifunga mangapi?"

Nikamwambia kumi na tisa.

"Si mabaya," akasema. "Na nilikuwa mzuri?"

Leo anaendesha bodaboda hapa Handeni, tulikohamia. Akitokea abiria wa kwenda uwanjani, humpisha mwenzake. Hajawahi kunieleza sababu, nami sijawahi kuuliza.

Uwanja huo nimeutengeneza mimi. Miiba niliikata kwa panga langu, na mwaka wa kwanza hatukuwa na maji ya kutuliza vumbi, tulikuwa na madumu mawili ya kunywa kwa watoto thelathini na wanne. Hakuna aliyenifundisha ukocha. Nilichukua kila ulichokuwa unafanya nikakigeuza. Kwangu kila watoto wawili wana mpira wao, hata kama ni wa matambara, na mtoto haendi nyumbani kabla hajaugusa mara mia sita. Kila baada ya miezi mitatu nawapima urefu kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Aliyepanda ghafla namjua, na ambaye bado namsubiri.

Kwa ajili ya vipimo hivyo, kamati ya mashindano iliniweka kwenye meza ya kukagua umri. Ndipo ukanipigia simu, baada ya miaka yote hiyo, sauti ileile ya kuchekacheka. Ukasema unaleta timu Handeni Jumamosi, na kuna kijana wako mmoja nisimtazame sana, cheti chake ni safi. Nikakuuliza ni cha nani. Ukasema, "Cha mdogo wake. Wewe kazi hii si unaijua?" Kisha ukaongeza kwamba nikikugeuka utawaambia watu wa Handeni mimi nilikuwa nani.

Nimekuokolea taabu. Jumatatu nilikwenda kwenye kamati nikawaambia mwenyewe: umri wangu, jina nililotumia, misimu miwili, mabao kumi na tisa. Wameniondoa mezani na huenda wakanifungia. Nimekubali. Hapo ndipo nikawatajia na wewe.

Jumanne nilipanda basi mpaka Korogwe. Nilipita uwanjani kwako, ukiwa umewapanga foleni. Sikusimama. Niliulizia mtaani hadi nikampata mama wa kijana wako huyo na mdogo wake, nikamweleza habari za Rajabu toka mwanzo hadi lile lori. Alisikiliza huku anapepeta mchele, akaacha kupepeta. Kwa hiyo Jumatano alipokuja kukudai cheti mbele ya timu nzima, nawe ukadhani ametumwa na shule, ujue nilimtuma mimi. Nasikia ulikitoa mfukoni kimekunjwa mara nne. Nimeomba nisimuliwe mara mbili.

Yule mkubwa hana kosa. Ana miaka kumi na sita, na kuanzia mwezi ujao atacheza na wenzake wa kumi na sita, kwa jina lake, hapa kwangu au kwa atakayemtaka. Mdogo wake ana miaka tisa. Hajui kwamba kuna kitu kilitaka kumpata. Akifika kumi na mitatu litafunguliwa faili likutwe halina uso wa mtu mwingine.

Usinitumie watu wa kusuluhisha, Mwalimu. Nimeshasema na mama, nimeshasema na Rajabu. Yeye akasema niiandike barua hii na niitie sahihi kwa jina langu. Kwenye karatasi ya kukufikia wewe, ni mara ya kwanza kuliandika.

Bakari,
kaka yake Rajabu